Mzee anarudia sala kila Desemba: ni sahau au ni sheria?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nafanya kazi ya kuwaangalia wazee majumbani huku New Jersey, Marekani. Mzee ninayemhudumia ni Myahudi mshika dini, miaka themanini na kitu, anasali mara tatu kwa siku. Miezi yote akimaliza kamaliza. Tangu wiki ya kwanza ya Desemba anamaliza, anatulia kama mtu anayetafuta funguo mifukoni, kisha anaanza upya kutoka mwanzo. Nikimuuliza ananijibu, "Sikumbuki kama nimesema mvua." Wiki iliyofuata nikamkuta mezani na bakuli mbili na maharage makavu, anahamisha moja moja huku ananong'ona maneno yaleyale, robo saa nzima. Baada ya hapo hakurudia tena, mpaka jana asubuhi. Ni siku za mishumaa yao ya Hanuka. Jana alirudia, akaniambia "mwezi mpya". Mwalimu, mimi natakiwa kuripoti nikiona dalili za kupoteza kumbukumbu. Niripoti? Halafu, sisi Waislamu mtu akisahau ndani ya sala ana sijida ya kusahau. Wao hawana?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Maharage usiyaripoti. Mtu anayehesabu maharage huku ananong'ona maneno ya mvua anafuata shauri la rabi mmoja wa Ujerumani aliyefariki 1293, na ili ulifuate shauri hilo sharti ujue leo ni tarehe ngapi, sala yako ilibadilika lini na ulimi wako umezoea nini. Aliyepotewa hayawezi hayo. Mengine uliyoyaona nayo yana maelezo, tena kila moja lina lake.

Sala unayomwona akiisali inaitwa Amida, yaani kusimama. Wenyewe huiita pia "Kumi na Nane" kwa hesabu ya baraka zake, ingawa siku za kazi baraka ni 19. Moja iliongezwa zamani, jina likabaki lilivyo. Huisali asubuhi, alasiri na usiku, miguu imebanwa pamoja, midomo inacheza na sauti haitoki, kama Hana mamake Samweli alivyosali kule Shilo hadi kuhani Eli akamdhania mlevi. Baraka tatu za mwanzo ni za kumsifu Mungu, tatu za mwisho ni za kumshukuru, na katikati ni maombi: akili, toba, afya, mazao ya mwaka, na kuendelea. Maneno ni yaleyale mwaka mzima isipokuwa vipande vichache vinavyoingia na kutoka kwa misimu. Vipande hivyo ndivyo vinavyomsumbua mzee wako.

Mvua ina vipande viwili na watu huvichanganya. Cha kwanza ni sifa, kimo ndani ya baraka ya pili: "avumishaye upepo na ateremshaye mvua". Hicho huanza mwishoni mwa Sikukuu ya Vibanda, Septemba au Oktoba, na hukoma siku ya kwanza ya Pasaka yao. Cha pili ni ombi, kimo ndani ya baraka ya tisa, ile ya mazao: "na utupe umande na mvua viwe baraka". Hicho, kwa Wayahudi walio nje ya nchi ya Israeli, huanza kwenye sala ya usiku ya tarehe 4 Desemba, au tarehe 5 ikiwa Februari inayofuata ina siku 29. Kwa hiyo mzee wako amepita baraka ya tisa bila kuomba mvua tangu Pasaka, miezi kama minane, mara tatu kwa siku, kisha usiku mmoja wa Desemba ulimi unatakiwa ukate kona. Wewe mwenyewe ukihama nyumba, siku ya kwanza miguu si hukupeleka mtaa wa zamani?

Aliyesahau kwa yakini hana mjadala. Sifa ya mvua na ombi la mvua ni katika vitu vichache ambavyo sala haitimii bila hivyo. Na kinyume chake ni hivyohivyo: aliyeomba mvua wakati wa kiangazi, naye anarudia, kwa kuwa katika nchi ya Israeli mvua ya wakati wa kuvuna ngano ni msiba. Nabii Samweli aliposhindana na watu wake aliiita mvua hiyo iwe ushahidi dhidi yao, nayo ikaja na ngurumo.

Hapa nakuomba uitazame miguu ya mzee. Akigundua katikati ya sala kwamba hakuomba mvua, hana haja ya kurudi nyuma, kwa sababu baraka ya 16 inamwomba Mungu asikie sala kwa jumla, na lolote lililosahauliwa huweza kuingizwa humo. Akiipita hiyo nayo lakini bado amesimama mahali pake, anarudi kwenye baraka ya tisa na kuendelea kutoka hapo. Lakini akishamaliza na kurudi nyuma zile hatua tatu za kuaga, basi ameng'oa miguu. Ndivyo wanavyosema hasa kwa Kiebrania, kung'oa miguu, kama unavyong'oa mche. Hapo anaanza kutoka baraka ya kwanza. Umeniandikia kwamba anaanza "kutoka mwanzo", kwa hiyo shaka humjia akiwa amekwisha ng'oa miguu.

Hayo yote ni ya aliyesahau. Mzee wako hajui kama amesahau, na swali la aina hiyo ndilo gumu.

Kanuni yao ya kawaida juu ya baraka ni kwamba ukishuku, unaacha. Baraka inataja jina la Mungu, na kulitaja bure ni kuvunja amri katika zile kumi. Mtu asiyekumbuka kama amebariki kabla ya kula tunda halisemi tena neno la baraka, anakula. Kwa kanuni hiyo mzee wako angefunga kitabu akaenda kunywa chai. Hakufunga, kwa sababu Talmudi ya Jerusalem, moja ya mikusanyo miwili ya kale ya mijadala ya sheria zao, katika sehemu inayohusu saumu na mvua, inakataa kabisa kuiita hali yake shaka. Inasema hivi: ndani ya siku 30 za mwanzo, mtu huhesabiwa kuwa amesema kile alichozoea kukisema. Zikipita siku 30, huhesabiwa kuwa amesema inavyotakiwa.

Utaona hakuna anayemuuliza mtu anakumbuka nini. Amekwisha jibu kwamba hakumbuki. Anayeulizwa ni ulimi. Ulimi ni kama punda wa mkokoteni: bwana akisinzia, punda hasimami, anakwenda, ila anakwenda kule alikozoea. Kama wiki hizi punda bado anaijua njia ya kiangazi, basi bwana alipozinduka na kujikuta mwisho wa safari bila kukumbuka chochote, lililo karibu na ukweli ni kwamba alipelekwa njia ya kiangazi. Kwa hiyo mzee wako haongezi sala kwa kujihami. Sheria imemwambia hakusema, na asiyesema anarudia. Pasaka ikifika mambo yanageuka: punda sasa kazoea mvua, na kwa siku 30 anayeshuku huhesabiwa ameitaja sifa ya mvua mahali asipotakiwa kuitaja.

Binafsi nimefundisha dini kwa miaka mingi na bado napenda uungwana wa kanuni hii. Inakubali kwamba mtu husali huku akili yake iko sokoni, na haimsimangi.

Kuna mlango wa kutokea. Mishnah Berurah, ufafanuzi wa sheria alioutoa rabi Yisrael Meir Kagan wa mji wa Radun kwa majuzuu kati ya 1884 na 1907, unasema kwamba mtu akiwa na yakini kuwa ndani ya sala alikuwa na habari na kipande kile na alikusudia kukisema, kisha shaka ikamjia baada ya muda mrefu, asirudie. Nia aliyokuwa nayo inatosha kuwa shahidi. Kilichopotea ni kumbukumbu ya baadaye tu. Lakini shaka ikimjia papo hapo baada ya kumaliza, arudie. Ule utulivu wa mtu anayetafuta funguo uliouona, nadhani ndio huo: anajiuliza, je, nilipofika kwenye mazao nilikuwa macho?

Wenye tahadhari huongeza sharti moyoni kabla ya kurudia: "Ikiwa nadaiwa sala hii, iwe ya faradhi, ikiwa sidaiwi, iwe ya hiari." Nguvu ya sharti hilo inatoka kwa rabi Yohanan wa kale, ambaye wenzake walipobishana juu ya mtu asiyejua kama amesali au hajasali, alisema laiti mtu angesali kutwa nzima. Sala ya hiari ipo, basi anayeshuku ana pa kuegemea. Sabato peke yake haimo, maana siku hiyo sala za hiari hazisaliwi.

Sasa maharage.

Rabi Meir wa Rothenburg, yule niliyesema alifariki 1293, akiwa kifungoni katika ngome ya Ensisheim, alikuwa na desturi yake siku ya mwisho ya msimu wa Vibanda, sifa ya mvua inapoanza. Alikuwa akirudia maneno ya baraka hiyo, pamoja na mvua yake, mara 90 kwa mkupuo. Kwa nini 90? Siku 30, sala tatu kila siku. Hoja yake ilitoka mahali ambapo usingepatarajia, kwenye sheria ya ng'ombe apigaye pembe. Torati inamtoza mwenye ng'ombe fidia kubwa zaidi ikiwa mnyama amejulikana kuwa na tabia hiyo, na wahenga walisema hujulikana akipiga siku tatu. Wakabishana: akipiga mara tatu kwa siku moja je? Mmoja wao akasema, ikiwa kwa mapigo yaliyoachana anahesabiwa mzoefu, sembuse yaliyofuatana. Rabi wa Rothenburg akauchukua ulimi akauweka mahali pa ng'ombe: ikiwa mara 90 zilizotawanyika kwa mwezi zinauzoesha, sembuse 90 za kikao kimoja.

Si wote waliokubali. Mwanachuoni wa Ufaransa wa zama zilezile, rabi Peretz, aliona ng'ombe na ulimi si mfano mmoja, na mimi kwa haki nakiri kwamba ana hoja, kwa sababu anayepiga pembe mara tatu mfululizo anaweza kuwa na hasira ya siku hiyo tu. Hata hivyo Yosef Karo aliliingiza shauri la 90 ndani ya Shulchan Aruch, kitabu cha sheria kilichochapwa mara ya kwanza Venice mwaka 1565, na tangu hapo limeshika. Baadaye Moshe Sofer, rabi wa Pressburg (mji unaoitwa leo Bratislava) aliyeishi 1762 hadi 1839, alisema ni bora ziwe 101. Alikumbuka neno la Hilleli, mwanachuoni wao wa kale, kwamba aliyedurusu somo lake mara 100 si sawa na aliyelidurusu mara 101. Aliyeambiwa hivyo aliuliza, kwa mara moja tu? Hilleli akamjibu nenda soko la wakodisha punda ukajifunze: maili kumi kwa zuzi moja, sarafu yao ya zamani, maili kumi na moja kwa zuzi mbili. (Maili hapa natumia kwa urahisi, kipimo chao kilikuwa kirefu zaidi.) Ukipata nafasi ya kuyahesabu yale maharage, ningependa kujua kama yalikuwa 90 au 101.

Kama ungemsogelea ungesikia kwamba halisemi neno la mvua peke yake. Anaanza nyuma kidogo, "na kila aina ya mazao yake kwa heri", ndipo anaingia "na utupe umande na mvua viwe baraka", na jina la Mungu halitaji kwa kuwa hapo hasali, anajizoesha. Kinachofundishwa ni ile kona yenyewe: neno la jana likivuta neno la leo bila kufikiri, kazi imekwisha. Ndiyo maana baada ya maharage hukumwona tena akirudia kwa sababu ya mvua. Haina maana kwamba kumbukumbu imerudi. Bado akimaliza sala hakumbuki, kama wengi wetu tusivyokumbuka. Tofauti ni kwamba sasa asipokumbuka, sheria inamhesabu amesema.

Umeuliza kuhusu sijida ya kusahau. Hawana, na tofauti hiyo inafundisha. Sisi wa pwani tuliosomeshwa kwa madhehebu ya Shafii tunajua kwamba ukisahau kunuti ya Subhi au tahiyatu ya kwanza, unasujudu mara mbili kabla ya salamu na sala yako imezibwa. Ukishuku ni rakaa ya tatu au ya nne, unashika yenye yakini, ile chache, unaongeza moja na kusujudu. Na shaka ikikujia baada ya salamu, hukufanyia kitu. Kwao hakuna kiraka. Ama kipande ni cha lazima na sala nzima inarudi, ama si cha lazima na kikipita kimepita. Na ile shaka ya baada ya kumaliza, ambayo kwetu haina nguvu, kwao ndiyo hasa inayomsimamisha mtu upya. Sisi tunauliza yakini iko wapi, wao wanauliza mazoea yako wapi. Mazoea yana taabu, walisema wazee wetu, nao hawakuwa wakizungumzia Amida.

Jana asubuhi basi. Hilo halihusiani na mvua wala na mishumaa. Mishumaa ya Hanuka ina kipande chake ndani ya sala, shukrani kwa miujiza, lakini hicho ni katika vile vya "kikipita kimepita": ukikisahau hurudii. Ila mwezi wao wa Tevet huandama kila mwaka ndani ya siku za Hanuka, na siku ya mwezi mwandamo ina kipande kiitwacho Yaale Veyavo, cha kumwomba Mungu awakumbuke kwa wema siku hiyo. Hiki ni cha lazima asubuhi na alasiri. Usiku ukikisahau hurudii, na sababu yake ni nzuri kuisikia: zamani mashahidi walioona mwezi walikwenda Jerusalem mbele ya baraza, wakahojiwa mmoja mmoja, na baraza halikuutangaza mwezi ila mchana. Kadhi wetu hutangaza usiku watu wakiwa wamekodolea redio. Kwao usiku ule mwezi ulikuwa haujatakaswa bado, kwa hiyo aliyeusahau usiku hakusahau kitu kizito.

Mbona basi maharage hayakumsaidia jana? Kwa sababu yalikuwa ya mvua. Na kwa Yaale Veyavo siku 30 hazifiki kamwe: husemwa siku moja au mbili, mwezi unaingia ndani, ulimi unasahau. Kwa hiyo mwezi mwandamo wowote, mtu akishuku kama amekisema, huhesabiwa kuwa hakukisema, awe na miaka 13 au 83. Mzee wako alishuku, akarudia. Shaka ni hiyohiyo, kanuni ni hiyohiyo, na dawa ya kuizuia hakuna.

Labda utajiuliza kuhusu tarehe 4 Desemba, kwa nini sala ya Kiebrania inafuata kalenda ya Kizungu. Talmudi ile nyingine, inayofuatwa zaidi, ilipangwa Babeli, Iraki ya leo, nchi ya mito miwili ambako mkulima hakuharakia mvua kama wa vilima vya Yudea. Kule Israeli ombi huanza tarehe 7 ya mwezi wao wa Heshvani, siku 15 baada ya Sikukuu ya Vibanda, ili hujaji wa mwisho anayerudi kwao kutoka Jerusalem awe ameufikia mto Frati bila kulowa. Nafikiri hiyo ni moja ya sheria zenye huruma kubwa nilizowahi kuzisoma: nchi nzima inangoja wiki mbili isiombe mvua kwa ajili ya mtu mmoja aliye njiani na punda wake. Babeli wao walingoja siku 60 tangu majira ya vuli yaanze, na vuli ilihesabiwa kwa mwaka wa siku 365 na robo. Robo hiyo inazidi kidogo mwaka wa kweli, kwa hiyo tarehe inasogea polepole. Karne ya 19 ilikuwa 3 Desemba. Mwaka 1900 haukuwa na Februari ya siku 29, ikasogea hadi 4. Mwaka 2100 itasogea hadi 5. Mzee wako, huku theluji ikianguka dirishani New Jersey, anaomba mvua kwa saa ya mkulima wa Iraki.

Waliojaribu kuirekebisha walishindwa. Rabi Asher ben Yehiel, aliyetoka Ujerumani akawa rabi wa Toledo, Hispania, alishikilia kwamba kila nchi kubwa iombe kwa majira yake. Mwaka 1313 mvua zilipokosekana alitaka watu waendelee kuomba hata baada ya Pasaka. Jamaa zake hawakumkubalia, naye akarudi nyuma ili msikiti usigawanyike, kama tungesema sisi. Ninapoisoma habari hiyo huwa nafikiria Wayahudi wa Nairobi na wale Abayudaya wa Mbale, Uganda. Huku kwetu Pasaka huangukia Machi au Aprili, masika ndiyo kwanza yanaingia, nayo kalenda ya Babeli inasema acheni kuomba mvua. Njia iliyobaki ni ile baraka ya 16 niliyokutajia: Talmudi iliwajibu watu wa Ninawi, waliohitaji mvua kiangazi, kwamba waiombe humo, kila mtu kama mwenye haja yake. Na mtu wa nchi kama hiyo aliyeteleza akaiomba kwenye baraka ya tisa kiangazi, sheria imemlegezea: akitaka kurudia, arudie kama sala ya hiari.

Turudi nyumbani kwa mzee. Akiwa ndani ya Amida usimsemeshe, hawezi kukujibu, na usipite mbele yake kwa karibu. Ukitaka kumsaidia, msaidie kabla. Kwenye masinagogi mtu hugonga meza usiku ule wa kwanza na kutamka neno la mvua kabla watu hawajasimama. Wewe unaweza kuweka karatasi ndogo ndani ya kitabu chake cha sala kwenye ukurasa wa baraka ya tisa, kwa ruhusa yake. Wazee wengi husali kwa moyo kwa sababu wanajua kila neno, na hapo ndipo punda anapojiendea. Kidole kikiwa juu ya maandishi, shaka hupungua sana. Na akisali na jamaa sinagogini, aliyesahau anaweza kumsikiliza kwa makini kiongozi anayeirudia Amida kwa sauti, ikamtosha bila kusimama upya. Mzee anayekaa nyumbani hana nafuu hiyo, ndiyo sababu unamwona akirudia zaidi ya mwenye miguu mizima.

La kuandika kwenye daftari lako ni hili. Kurudia mara moja, ndani ya mwezi wa kwanza wa mvua, au siku ya mwezi mwandamo, ni dini yake inafanya kazi. Ukimwona anarudia sala ileile mara tatu au nne, au anahangaika nayo hadi jasho linamtoka, huo ni wasiwasi, nao kwao kama kwetu hauhesabiwi uchamungu. Ukimwona anasimama kusali alasiri na amekwisha sali nusu saa nyuma bila habari yoyote, au anaomba mvua mwezi Julai, au anashindwa kukwambia kwa nini anarudia, hapo mpigie mwanawe na umweleze ulichokiona na tarehe yake. Mvua nayo, maharage yamekwisha ifunga. Hata pasipo maharage, siku 30 zinakwisha mwanzoni mwa Januari. Akikwambia Februari kwamba amerudia kwa ajili ya mvua, liandike.

Ila mwezi wao ujao utaandama baada ya wiki nne hivi. Asubuhi hiyo, ukimwona amemaliza na ametulia tena na funguo zake, mwache azitafute.